Shajara ya mradi wa mwisho: "ngoja" na "go" kwenye redio koli

Wiki ya 1, Jumatano usiku

Leo tumegawana kazi rasmi. Mradi wa mwisho wa stashahada kundi letu ni tamthilia ya dakika kama hamsini hivi, kaandika mwenzetu wa darasa, habari za wavuvi wanne wanaokutwa na dhoruba usiku na familia zao zinazowasubiri ufukweni. Mi nimepewa umeneja wa jukwaa, kitu nilichokuwa nakiomba tangu mwaka wa kwanza. Nyumbani bado wanajua nasomea kuigiza, nikiwaambia sitaonekana jukwaani hata sekunde moja mama ananiangalia tu. Nimejaribu kumwelezea hivi: mama, unapoona taa imezimika pale pale mtu anapokufa, na radi inapiga pale pale anapotaja jina la Mungu, kuna mtu kakaa gizani na kitabu anawaambia mafundi sasa hivi, basi huyo ndo mimi. Akasema kumbe we ndo nahodha. Nimelipenda hilo.

Shajara ya kukabidhi kwa madam ni ya Kiingereza kama noti zetu zote. Hii naandika ya kwangu, kwa lugha tunayofanyia kazi, maana tamthilia ni ya Kiswahili, waigizaji wanaongea Kiswahili, mafundi wanagombana kwa Kiswahili, sasa kwa nini kazi yenyewe nisiifikirie kwa Kiswahili.

Wiki ya 1, Jumamosi

Keko kwa mbao, Kariakoo kwa kitambaa. Tumenunua mbao za mbili kwa mbili na jora la marekani, ile pamba isiyopaushwa, rangi ya maziwa yaliyoganda. Kitambaa hiki kina historia na hili jina, kilikuwa kinaletwa kwa meli kutoka Marekani mpaka Zanzibar karne ya 19 na jina likabaki huku hata sasa ambapo hakitoki tena huko, na ndo kitambaa bora kabisa cha kuvalisha fremu za seti kwa bei ya mwanafunzi. Kinashika rangi vizuri.

Wiki ya 2, Jumatatu

Fremu ya kwanza imeharibika. Kila fremu ni mita 1.2 kwa 2.4, tumeipigilia marekani tukaivuta mpaka ikawa kama ngoma, tukaridhika kabisa, afu tukaipaka uji wa wanga ili kuziba matundu ya uzi kabla ya rangi kama tulivyofundishwa. Tumerudi baada ya chai tukakuta fremu imepinda, kona moja imenyanyuka sakafuni karibu upana wa kiganja. Mzee wa stoo akapita, tukamwamkia, akaitikia marahaba, akaiangalia akauliza swali moja tu, "mmeivuta kabla ya kuilowesha?" Pamba ikilowa inajikunja. Kumbe unatakiwa upigilie kitambaa kikiwa kimelegea kidogo, hata uone kimeingia tumbo katikati ukiweka mkono, halafu uji wenyewe ndo unakikaza kikikauka. Zilizobaki tano tumefanya hivyo na zimekauka zimenyooka, ukizigonga kwa kidole zinalia tu tu tu.

Kwenye ule uji tumeongeza boraksi na asidi ya boriki kuzuia moto. Poda ya boriki ndo hiyo hiyo watu wanayonyunyiza kwenye ubao wa keramu ili kete ziteleze. Nilikata vipande viwili vya marekani, kimoja kimepakwa kingine hakijapakwa, nikaviwashia kiberiti uani. Kisichopakwa kiliteketea chote kabla sijahesabu kumi. Kilichopakwa kilikuwa cheusi pale penye moto, moto ulipoondoka kikazima chenyewe. Nimevigundisha vyote kwenye ukurasa huu, yaani kile kilichoungua ni majivu ndani ya selotepu.

Wiki ya 2, Alhamisi

Madam ametusomesha moto leo na sijawahi kuona darasa limenyamaza vile. Chicago, tarehe 30 Desemba 1903, ukumbi wa Iroquois, jengo jipya kabisa, cheche za taa zikashika pazia katikati ya onyesho la mchana lililojaa kina mama na watoto. Walikufa watu zaidi ya 600. Milango mingine ilikuwa imefungwa, mingine ina komeo ambazo watu hawakujua kuzifungua. Akatukumbusha na kwetu, jumba la maonyesho la chuo cha sanaa Bagamoyo liliungua mwaka 2002, lile lililokuwa na paa la makuti, na ilichukua miaka mpaka likajengwa jipya.

Baada ya darasa nilienda kukagua mlango wetu wa nyuma. Ulikuwa umezibwa na viti vibovu vimepangwa mpaka dirishani, inaonekana viko hapo miaka. Tumevitoa vyote sisi wenyewe, mlango tumeupaka mafuta ya bawaba, na nimeandika kwenye kitabu changu juu kabisa, kabla ya kyu ya kwanza, yaani ishara ya kwanza ninayowapa watu wa taa au sauti: mlango wa nyuma uko wazi, nani kaangalia, saa ngapi. Sitaanza onyesho lolote maishani mwangu bila huo mstari.

Wiki ya 3, Jumanne

Siku ya umeme. Tuna taa sita za zamani za wati 1000 na taa nane za LED za kuazima. Hesabu nilifanya mwenyewe na mwenzangu wa taa akaikagua: wati 1000 gawanya kwa volti 230 ni ampea 4.3, mara sita ni 26, ongeza LED na spika tukafika kama 30. Ukumbi mzima unalishwa na breka moja ya ampea 32. Maana yake tuna nafasi ndogo sana, nikatangaza kwa wote, soketi za ukumbini hakuna kuchomeka kitu chochote bila kuniuliza.

Saa kumi jioni tuko katikati ya kulenga taa, mwenzangu yuko juu ya ngazi, giza. Nilianza kukagua taa, kumbe watu wa mavazi walichomeka pasi chumba cha nyuma na mwingine akaweka birika la umeme apate chai. Breka ilivumilia dakika kadhaa ndo ikaruka, na huko kuvumilia ndo kunadanganya watu, unachomeka unaona mbona hakuna shida, unaendelea na yako, huku waya unachemka ukutani. Aliyekuwa juu ya ngazi alibaki ameshika bomba la kuning'inizia taa kwa mikono miwili mpaka tulipomulika na simu. Sikumgombeza mtu, nilipomuona anashuka miguu inatetemeka hata maneno sikuwa nayo. Nilichukua gafa tepu nikaziba soketi zote zisizo zetu. Pasi imehamia bwenini.

Wiki ya 3, Ijumaa

LED mbili za mwisho zinapepesa hovyo. Zote nane zimeungwa mnyororo, kebo inatoka kwenye deski ya kuendeshea taa inaingia taa ya kwanza inatoka inaingia ya pili mpaka mwisho, ule mfumo wa kuziamrisha taa unaoitwa DMX512, uliopo tangu 1986, na kila taa inakula chaneli saba kwa hiyo anwani zake ni 1, 8, 15, 22, 29, 36, 43, 50. Anwani zote sahihi. Tukabadilisha taa, tatizo likabaki pale pale mwishoni mwa mstari. Mwenzangu akasema hii ni mwangwi, ujumbe ukifika mwisho wa kebo na hakuna wa kuumeza unarudi nyuma na kuvuruga ule unaokuja. Na kweli tulikuwa tumetumia kebo za maiki, ambazo hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Kebo zinazofaa hatuna hela, lakini rezista ya omu 120 ni hela ndogo sana Kariakoo. Tumeichomelea ndani ya plagi, kati ya pini ya 2 na ya 3, tukaichomeka kwenye tundu la kutokea la taa ya nane. Zimetulia. Nimekaa nimeziangalia zile taa dakika nzima nasubiri zipepese, hazikupepesa.

Wiki ya 4, Jumatatu

Nyuso. Hili limetuchukua siku mbili na nataka niliandike vizuri.

Onyesho linaenda usiku karibu lote, na kila mtu akifikiria usiku anafikiria bluu. Tukamwaga bluu ya LED kutoka mbele, wale kaka zetu wanne wakawa wa kijivu, kama watu waliopakwa majivu, macho yamepotea kabisa. Madam alikaa safu ya tatu hakusema kitu. Njia tuliyofundishwa ni ya McCandless, mtaalamu wa taa za jukwaani, ya mwaka 1932, kila eneo taa mbili, digrii 45 kulia na kushoto, moja ya rangi ya joto moja ya rangi ya baridi, na ni njia nzuri, lakini picha nyingi za kwenye vitabu vyetu zina waigizaji weupe, na ngozi nyeusi inachotaka ni kitu kingine, inataka mwanga unaoiteleza kwa pembeni. Ngozi yetu inang'aa, mwanga ukiigusa kwa ubavu unauona umekaa kwenye shavu, kwenye bega, kwenye mfupa wa mkono. Tukahamisha taa mbili za wati 1000 zikae pembeni urefu wa kichwa, na jeli, ile plastiki ya rangi ya kufunika taa, ya kahawia-dhahabu. Bluu tukaipeleka sakafuni na kwenye marekani ya nyuma. Na usoni tukaweka kandili ambayo mvuvi mmoja anaishika, ndani yake tumeficha balbu ndogo ya betri. Usiku ukawa usiku. Macho yakarudi.

Halafu kaniki. Mama wa kwenye mchezo kavaa kaniki na kaniki inakunywa mwanga wote, alikuwa anaonekana kichwa kinachoelea. Hatukutaka kumbadilisha kwa sababu kaniki ina maana yake pale, basi watu wa mavazi wakamtupia kanga nyeupe begani tu, ukingo wake unaonekana, inatosha kabisa.

Wiki ya 4, Alhamisi

Sauti za dhoruba tunafanya kwa mikono. Tulikuwa na rekodi za kwenye laptopu, ila zilikuwa zinatoka pale kwenye spika, huzisikii mwilini. Dogo wa mwaka wa kwanza anayetusaidia sauti ameleta bati bapa jembamba kutoka kwa mjomba wake fundi, tumelining'iniza kwa kamba mbili nyuma ya pazia, ukishika ukingo wa chini ukalitikisa linaanza kunguruma mbali halafu linapasuka. Bati la migongo halifai, tulijaribu, linapiga kelele za kugongwa tu. Mawimbi ni choroko kwenye ungo mkubwa, unainamisha taratibu zinateremka shwaaa, unarudisha shwaaa. Dogo anafanya akiwa amefumba macho, na ukimsikiliza muda mrefu unagundua analifuata pumzi lake mwenyewe.

Wiki ya 5, Jumanne, saa sita usiku

Mazoezi ya kwanza ya kiufundi, na ndo kilichonifanya nisilale.

Hedseti hatuna, tuna redio koli tatu, yangu, ya taa, ya sauti. Kabla yake tulijaribu kupigiana simu kwa intaneti, sauti inachelewa karibu nusu sekunde, kwenye radi nusu sekunde ni msiba. Redio koli haicheleweshi hivyo ila inaongea mmoja mmoja, na ukibonyeza kitufe ukaongea hapo hapo inakula mwanzo wa neno lako.

Tunaita kama tulivyofundishwa, "stendibai taa kumi na nne", yaani kyu ya taa namba 14, ile ya kuzima zote, mtu wa taa anajibu, halafu ikifika nasema "taa kumi na nne, go", na kwenye "go" anabonyeza. Sheria ya kwanza ya kazi hii ni kwamba hilo neno halitamkwi bure. Sasa tumefika onyesho la tatu ndani ya mchezo, mvuvi mdogo amechelewa kufika kwenye alama yake ya tepu, kyu ya 14 imeshawekwa tayari, nikabonyeza kitufe nikasema "ngoja!" Taa zote zikazimika. Mwigizaji kagonga mlingoti gizani, kapasua mdomo.

Mwenzangu wa taa akaja juu, "dada si umesema go!" Nikamwambia nimesema ngoja. Tukabishana pale mpaka dogo wa sauti akasema, kwa heshima zote, "dada, kwenye redio imetoka go." Tukarudia mara tatu. Nikisema ngoja, redio inakata ng' ya mwanzo, ja ya mwisho inazama, inabaki go. Yaani neno la kumwambia mtu asubiri na neno la kumwambia afanye vinafika sikioni kitu kimoja! Miaka mitatu natumia haya maneno mawili na sikuwahi kuliona hilo.

Mdomo tumeusafisha kwa maji ya chumvi, hakuna kushonwa, kesho anaendelea. Mimi ndo niliyemwahidi kwamba giza haliingii mpaka yeye awe mahali pake, kwa hiyo hili nalichukulia kama langu.

Wiki ya 5, Jumatano

Tumekaa wote watatu chini ya mwembe na karatasi. "Go" imetoka. "Ngoja" pia imetoka, kusubiri sasa ni "tulia". Badala ya go nikapendekeza "twende", mchana tukajaribu, mvuvi mkubwa akapiga kelele jukwaani "twende!" na dogo akatikisa bati. "Sasa" iko kwenye mazungumzo kila mahali. "Piga" iko kwenye piga kasia, "vuta" kwenye vuta nyavu, "achia" ni nzuri lakini iko karibu mno na "acha". Tulipitia nusu ya lugha jamani.

Dogo ndo aliyelipata. "Bofya." Hakuna mvuvi anayebofya kitu baharini, halipo popote kwenye maandishi, lina silabi mbili, linaanza kwa midomo kufunga kwa hiyo linasikika kama kofi, na hata redio ikikata mwanzo "ofya" haifanani na neno lingine. Na ndo kitu chenyewe anachofanya mtu wa taa, anabofya. Tumekubaliana kidole kinashuka kwenye "bo".

Tukaendelea na namba. Kwa Kiswahili "kumi na" inakuja kwanza na kile unachotaka kukijua kinakuja mwisho, na "nne" na "nane" kwenye redio ni ndugu mapacha. Kwa hiyo taa tunaita tarakimu moja moja, moja-tano, mbili-sita, na kyu zote zenye nne tumezipa namba nyingine. Sauti tumezipa majina ya samaki: changu, dagaa, jodari, pweza, papa. Samaki taa tumemwacha kwa sababu zinazoeleweka. Papa ndo radi kubwa.

Na kabla ya kuongea, bonyeza, hesabu moja moyoni, ndo useme.

Nikamwonyesha madam karatasi, nikitegemea ataniambia huo sio utaratibu. Akasoma, akaomba aipige picha, akaniambia kwenye ripoti niweke hili, mambo ya fremu yapunguze.

Wiki ya 6, Jumamosi, baada ya onyesho la pili

Usiku wa kwanza nilikosa kyu moja, kurasa mbili za kitabu ziligandana kwa jasho la kidole changu, taa ya 2-6 ilichelewa kama sekunde tatu na jua likachomoza mama wa kwenye mchezo akiwa ameshanyanyuka. Sidhani kama kuna mtu kaona zaidi yetu. Leo kila ukurasa una kipande cha tepu pembeni cha kushikia.

Leo hakuna kilichokosewa. Dhoruba ina kyu saba ndani ya sekunde arobaini. Nimekaa kwenye stuli bawa la kushoto, pale pembeni ya jukwaa watazamaji wasipopaona, tochi imefunikwa jeli nyekundu, penseli mdomoni. Naona kisigino cha mvuvi mdogo kimekanyaga alama, kidonda cha mdomo kimeshakauka. Mtumbwi wetu wa plaiwudi, nusu tu ile inayoelekea watu, unayumba juu ya miguu yake ya duara. Choroko zinateremka shwaaa. "Moja-saba na papa, tayari." "Moja-saba tayari." "Papa tayari." Baba mtu anainua kandili. Nabonyeza, nahesabu moja. "Moja-saba na papa... bofya."

Bati likapasuka, bluu ikapotea sakafuni, na kutoka watazamaji nikasikia mama mmoja anasema "Ya Rabi" kwa sauti ya chini kabisa, sauti ya mtu aliyesahau kama yuko kwenye kiti.

Mama yangu alikuja. Hakunipata jukwaani, akazunguka nyuma, kupitia ule mlango tulioutoa viti.

Wiki ya 7, Jumatatu

Tumebomoa seti. Marekani imetolewa fremuni, itafuliwa na kupakwa upya, mbao zimerudi stoo kwa mzee, kahesabu misumari. LED zimerudishwa zote nane, rezista nimeichomoa kwanza, iko kwenye pochi yangu. Redio koli zinarudi kesho.

Kitabu cha kyu dogo ameniomba, kundi lake linaanza mazoezi muhula ujao, mchezo wa mambo ya gereji. Nimempa. Baada ya saa moja akanitumia meseji: "dada, kwenye mchezo wetu fundi ana kompyuta ya kupimia gari, anasema bofya mara nne." Nimemwambia atafute neno jingine, na akilipata anitumie.